Shajara ya bega la kulia: kulegeza mwili kwenye cherehani, Kibuye

Novemba 4, 2024: Nilipoanzia

Huu ni mwaka wangu wa 17 kwenye cherehani ya miguu, soko la Kibuye hapa Kisumu. Sare za shule ndizo zinazonilisha: sketi za marinda, mashati, kaptula. Kwa miaka miwili sasa shingo yangu imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Jioni nikifunga kibanda siwezi kugeuza kichwa kutazama kama tuktuk inakuja, inabidi nigeuke mwili mzima. Usiku naamshwa na taya, meno yamebanana. Asubuhi najipaka dawa ya kuchua, naketi, na mambo yanaanza upya.

Nimeamua kulishughulikia jambo hili kama ninavyoshughulikia gauni lisilomkaa mteja: napima, nabadilisha kitu kimoja, namvalisha tena, naangalia. Naandika kila hatua na gharama yake kwa sababu mafundi wenzangu wengi wana mwili kama wangu, na wengi wanaamini maumivu haya ni sehemu ya kazi, kama sindano kuchoma kidole.

Kwanza kabisa nilienda kliniki, na anayetaka kufuata shajara hii aanzie huko. Vidole kufa ganzi, mkono kuishiwa nguvu, maumivu yanayoteremka kutoka shingoni hadi kiganjani, hayo ni ya daktari. Mtaalamu wa fiziotherapia alinipima nguvu za mikono, akagonga viwiko kwa kinyundo chake, akasema mishipa ya fahamu iko sawa. Tatizo ni misuli isiyopumzika. Nililipa sh 1,500. Nilipokuwa natoka aliniuliza, "Mama, na hilo bega la kulia umeliinulia nini?"

Sikuwa najua kwamba limeinuka. Mimi ninayetazama mabega ya watu kila siku.

Nikirudi kibandani nilimpa mwanafunzi wangu futi. Kutoka chini ya sikio hadi kwenye mfupa wa pembeni ya bega, nikiwa nimesimama kama kawaida: kushoto sentimita 18, kulia 16.5. Alipima mara tatu. Hivyo ndivyo vipimo vya mwanzo.

Novemba 10: Mkanda wa kunyoosha mgongo

Mkanda wenyewe niliupata wiki hii hapa hapa sokoni, hatua chache kutoka kwangu: unavaliwa kama begi la shule na kuvuta mabega nyuma. Sh 1,800.

Siku mbili za kwanza nilijiona nimepona. Siku ya nne nikaelewa kinachotokea. Kushona ni kusukuma kitambaa mbele, mikono inaenda mbele saa zote. Mkanda unavuta nyuma. Kwa hiyo kutwa nzima nilikuwa napigana na mkanda, na misuli ile ile iliyochoka ikapewa adui mpya. Nikiuvua mabega yanarudi pale pale. Kwapa zimechubuka kwa jasho la joto hili la Kisumu. Nimeutundika msumarini, hela imeenda.

Novemba 16: Kukaa wima kwa nguvu

Wiki hii nilijiamrisha: kaa wima! Kifua mbele, mabega nyuma, kidevu ndani, kama tulivyosimamishwa mstarini shule ya msingi. Pia nilinunua sponji ya kukalia, sh 250.

Hili ni kosa ambalo nadhani kila mtu hulifanya, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu. Kila nilipokumbuka nilijikaza na kujinyoosha. Baada ya dakika nne au tano akili ikirudi kwenye marinda mwili unaporomoka, nakumbuka tena, najikaza tena. Siku ya tatu kiuno kilianza kuuma, na hakijawahi kuniuma maishani. Pumzi ikawa fupi, inaishia juu ya kifua. Ile sponji nayo ilinizamisha, nikawa sina kitu kigumu cha kuegemeza mifupa ya makalio. Nimeiondoa. Ubao mtupu ni bora.

Kipimo cha Ijumaa: kulia sentimita 16. Imepungua nusu sentimita.

Nililala nikiwaza. Misuli iliyokaza nilikuwa nimeiongezea misuli mingine ya kukaza. Nguo ikiwa imebana huiponyi kwa kushona mshono wa pili juu ya ule wa kwanza. Unafumua.

Novemba 24: Neno kutoka kwa mwalimu wa kwaya

Naimba sauti ya pili kanisani. Baada ya mazoezi mwalimu wetu aliniuliza kwa nini sauti yangu inakwama kooni nikipanda, nikamweleza habari za bega. Akanisimulia kisa cha Frederick Matthias Alexander.

Mtu huyu alizaliwa mwaka wa 1869 katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Kazi yake ilikuwa kukariri mashairi na maigizo jukwaani. Sauti ikaanza kumpotea katikati ya kazi. Madaktari wakamwambia aipumzishe. Akiipumzisha inarudi, akipanda jukwaani inapotea. Akajiambia: basi kuna kitu ninachofanya mwenyewe ninapokariri. Akajiwekea kioo, baadaye vioo vitatu, akajitazama kwa muda mrefu mno. Akaona kwamba kila akifungua kinywa kukariri anavuta kichwa nyuma na chini, anakandamiza koo, anafyonza pumzi kwa kinywa. Alipotazama vizuri akaona anafanya hivyo hata akizungumza kawaida, ila kidogo.

Kilichonishika ni hiki. Alipojaribu kupeleka kichwa mbele na juu, alihisi amefaulu. Kioo kikamwonyesha bado anakivuta nyuma. Hisia zake zilikuwa zimezoea kosa hadi kosa likawa ndilo "sawa". Mwaka wa 1904 alihamia London na kufundisha njia yake huko mpaka alipofariki mwaka wa 1955.

Wanaoifuata njia hiyo hufundishwa na mwalimu anayewagusa kwa mikono, shingoni na mgongoni, wahisi tofauti. Mimi sina mwalimu wa namna hiyo. Nina kioo, simu, mwanafunzi na futi. Yeyote anayesoma ajue hivyo.

Novemba 30: Kioo, na kosa la kioo

Kioo kikubwa cha mtumba, kimepasuka pembe moja: sh 1,200. Nilikiegemeza kulia kwangu nijione kwa ubavu. Siku mbili nikaandika maneno mengi kuhusu shingo iliyopinda, mpaka mwanafunzi akaniambia, "Mwalimu, si umepinda kwa sababu unatazama kioo?" Kweli. Nilikuwa napima kitu nilichokuwa nakiharibu kwa kukipima.

Marekebisho: kioo mbele, kwa ajili ya mabega. Kwa ubavu, simu imeegemezwa kwenye kopo la vifungo, inarekodi dakika 10 nikiwa kazini, naitazama nikimaliza. Haikugharimu kitu, na ndiyo iliyonifundisha kuliko vyote.

Naeleza nilichokiona kwenye kutunga uzi tu. Nalainisha ncha ya uzi kwa mate, naisokota kati ya kidole gumba na cha shahada, naielekeza kwenye tundu la sindano. Uzi haujafika, bado uko umbali wa shubiri, na tayari haya yote yametokea: kidevu kimechomoza mbele, kisogo kimeanguka nyuma kuelekea mgongoni, bega la kulia limepanda sikioni, pumzi imekatika, ulimi umebana kwenye kaakaa, vidole vya mguu wa kushoto vimejikunja ndani ya sandali. Mwili mzima umekaza kwa kazi ya vidole viwili. Uzi ukipita, pumzi inatoka kwa kishindo, lakini bega halishuki. Linabaki juu, linasubiri uzi unaofuata.

Katika dakika hizo 10 nilikata pumzi mara 14. Nilirudisha video nyuma nikahesabu tena.

Desemba 7: Kigoda, taa na macho

Kwa nini kidevu kichomoze? Nilidhani meza ya cherehani iko chini mno, nikamwendea seremala wa jua kali akanikatia vipande vinne vya mbao vya sentimita 8 vya kuinulia miguu ya mashine. Sh 300, na zimepotea. Kanyagio limefungwa kwenye fremu ile ile ya chuma, kwa hiyo ukiinua meza unainua na kanyagio. Magoti yakagonga droo. Kwa mashine ya miguu nafasi kati ya kanyagio na meza haibadiliki. Kinachobadilika ni urefu wa unapokalia, basi. Mwenye mashine ya umeme anaweza kuinua meza, sisi wengine tusijisumbue.

Nikatazama kigoda changu. Ni kifupi. Nilikinunua miaka mitatu iliyopita, nikakiacha kile kirefu cha zamani, kwa sababu kwenye kifupi nilikuwa naona mshono vizuri zaidi. Nikasimama pale na kigoda mkononi. Miaka mitatu kigoda, miaka miwili shingo.

Nilikuwa nimejishusha ili kuyasogeza macho karibu na sindano. Nilipojishusha viwiko vikawa chini ya usawa wa meza, na ili mikono ifike juu ya kitambaa mabega yakalazimika kupanda. Hata hivyo macho yakaendelea kudai, kidevu kikaanza kuchomoza. Nina miaka 43. Karibu kila mtu akipita 40 lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na vitu vya karibu humtatiza, jambo ninalolijua kwa wazee wa kanisani na sikulifikiria kwangu.

Nilipima macho, miwani ya karibu sh 1,500. Taa ya kuelekeza kwenye sindano sh 650, maana uzi wa bluu iliyokoza juu ya kitambaa cha bluu iliyokoza hauonekani kibandani saa kumi na moja jioni. Seremala akaongeza miguu ya kigoda sentimita 5, sh 200. Sasa nyonga ziko juu kidogo ya magoti na viwiko viko sawa na meza.

Kama ningelazimishwa kuchagua siku moja tu ya shajara hii ya kumpa fundi mwenzangu, ningempa hii. Mpime macho kwanza.

Kipimo: kulia 16.5. Tumerudi pale pa kuanzia, na kiuno kimeacha kuuma.

Desemba 15: Kusita

Vifaa vimekaa sawa, lakini mwili bado unajikaza. Video mpya inaonyesha bega likipanda hata sasa ambapo halina sababu. Ni mazoea matupu.

Alexander alipogundua kwamba hawezi kurekebisha kosa kwa kufanya kinyume chake, aliacha kufanya. Anapata wazo la kukariri, na badala ya kukariri anasita. Hapo kwenye kusita, kabla mwili haujaanza safari yake ya kila siku, ndipo penye nafasi. Kosa likishaanza umechelewa.

Nilijaribu hivi: mkono unaenda kwenye uzi. Nasita. Sirekebishi chochote. Naiacha pumzi itoke. Kisha nachagua: natunga uzi, au naweka mkono pajani na situngi. Baadhi ya nyakati kweli situngi. Hapo ndipo mwili unapoamini kwamba hulazimiki.

Wakati wa kusita kuna maneno ya kujiambia moyoni: shingo iwe huru, kichwa kiende mbele na juu, mgongo urefuke na upanuke. Wiki ya kwanza niliyatekeleza maneno hayo kwa misuli, nikavuta kidevu ndani mpaka kikafanya mikunjo, na shingo ikauma upande mwingine. Marekebisho: unayasema kama unavyomwambia mgeni "karibu". Humshiki mkono ukamvuta ndani. Umemkaribisha, mlango uko wazi, ataingia mwenyewe.

Jambo jingine lililosaidia ni kujua kichwa kinakalia wapi hasa. Nilikuwa nikiinamisha kichwa kutoka katikati ya shingo, nikidhani hapo ndipo kiungo kilipo. Weka ncha ya kidole chini ya kila sikio, nyuma kidogo ya taya, kisha itikia "ndiyo" kidogo sana. Kiungo kiko juu huko, kati ya masikio. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, yaani pakiti mbili za unga wa ugali na nusu ya tatu. Mzigo huo ukikaa juu ya kiungo chake, shingo haina kazi kubwa. Ukining'inia mbele, misuli ya kisogo inaushikilia kutwa.

Hasara: Alhamisi nilikuwa nimezama katika kusita hata nikakata sketi nikiwa nimekunja kitambaa upande usiofaa. Nimelipa kitambaa kingine, sh 700. Tangu hapo nafanya zoezi kwenye sehemu tatu tu za kazi: kabla ya kutunga uzi, kabla ya kukanyaga, kabla ya kuinua pasi ya makaa. Mkasi nimeuacha kabisa. Anayeshika mkasi atazame chaki.

Desemba 21: Kulala chini saa saba

Mkeka, sh 400. Chali, magoti yamepanda juu, nyayo sakafuni, vitabu viwili vya nyimbo chini ya kisogo ili kichwa kisianguke nyuma. Mikono tumboni, macho wazi. Dakika 15 kila mchana wateja wakipungua. Sijinyooshi. Nayasema yale maneno, basi. Mgongo ukipumzishwa hivi, zile diski laini zilizo kati ya pingili, zinazobanwa tukikaa, hupata nafasi ya kunyonya maji tena.

Siku ya kwanza jirani wa vyombo alikuja mbio na chupa ya maji, "Pole, mama, ni malaria?" Sasa kila mtu amezoea, na wawili wameomba kujaribu.

Taya haikusikia kitu kwa njia hii. Kwa taya nimetumia njia ya daktari Mmarekani Edmund Jacobson: unabana msuli kwa makusudi sekunde chache, unauachilia, unachunguza tofauti. Kabla ya kulala nabana meno taratibu, naachia, mara tatu. Nimegundua kwamba taya niliyodhani imelegea ilikuwa bado imebana nusu. Meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana wakati mtu hali wala hamezi. Yangu yalikuwa yanagusana saa zote.

Januari 4, 2025: Msimu umenishinda

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Tangu Krismasi nashona hadi saa nne usiku. Foleni ya wazazi, wengine na mtoto mkononi, "Fundi, yangu iko wapi?"

Kusita kumeisha. Kulala chini kumeisha. Rekodi ya jana sikuitaka kuitazama, lakini nimeitazama: bega liko sikioni, kidevu kimechomoza, miwani imeteremka puani na mimi nimeinama kuifuata. Kulia 16.5, na hiyo ni asubuhi, jioni sikupima. Sikurekebisha chochote wiki hii, naandika tu kilichotokea.

Kitu kimoja nimekiona. Ninapotazama rundo la sketi 11 zilizobaki, mwili unakazia sketi ya kumi na moja wakati mikono iko kwenye ya kwanza.

Januari 19: Mama wa samaki

Soko limepoa, nimepata muda wa kukaa mlangoni. Mama anayetuletea omena hupita kila asubuhi na beseni kichwani. Nimemwona miaka mingi. Wiki hii ndiyo nimemtazama.

Hashiki beseni. Kata ya kitambaa iko utosini, hapo hapo juu ya kile kiungo kati ya masikio. Mabega yake yameshuka, yananing'inia kama nguo kwenye hanga nzuri. Akiitwa hageuzi kichwa kwa ghafla, anageuka kuanzia miguuni. Akiruka mtaro pale karibu na choma mahindi, goti, nyonga na kifundo vinakunjika pamoja na beseni halipandi wala halishuki. Nilimwomba anieleze anafanyaje. Akafikiri. "Nyathina, mimi sifanyi kitu. Ukifanya kitu linaanguka. Enda mos mos." Yaani: mwanangu, nenda polepole.

Nilisoma baadaye kwamba mwaka wa 1986 Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha utafiti uliopima hewa wanayotumia wanawake wa Kijaluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa kamba ya paji la uso. Mzigo usipozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili, walitembea bila kutumia nguvu za ziada kuliko wakitembea mikono mitupu. Utafiti uliofuata, mwaka wa 1995, ulieleza kwamba siri iko kwenye mwendo: wanatembea kama pendulamu, na hatua moja inairudishia hatua inayofuata sehemu kubwa zaidi ya nguvu yake. Nilijivunia kusoma hayo, maana nyanya yangu alibeba maji hivyo na shingo yake ilikuwa nyoofu hadi uzeeni.

Tahadhari: sipendekezi mtu mwenye shingo mbovu ajitwishe debe la lita 20. Mizigo mizito sana huumiza pingili za shingo. Nilichofanya mimi ni kuweka kitabu kimoja cha nyimbo utosini nikiwa nimeketi, dakika mbili, kabla ya kuanza kazi. Kinakuonyesha juu ni wapi. Nikikitoa, shingo inakumbuka kwa robo saa hivi. Ni robo saa zaidi ya niliyokuwa nayo.

Februari 2: Mguu

Kifupi. Nilikuwa nakanyaga kwa paja. Kanyagio linahitaji kifundo tu: kisigino, vidole, kisigino. Paja likisukuma nyonga inakaza, kiuno kinafuata, bega linafuata. Nilitia mafuta kwenye ekseli na kulegeza mkanda wa ngozi uliokuwa umebana mno, mashine ikawa nyepesi. Sehemu ya kukaza kwangu ilikuwa ni mashine ngumu. Mafuta nilikuwa nayo.

Februari 16: Vipimo na hesabu

Kushoto 18. Kulia 17.5. Asubuhi na jioni, siku tatu mfululizo. Katika dakika 10 za kushona nilikata pumzi mara 4. Nageuza kichwa kutazama tuktuk bila kugeuza kifua. Taya bado inaniamsha, labda usiku mmoja kwa wiki badala ya kila usiku.

Gharama zote: kliniki 1,500, mkanda 1,800, sponji 250, kioo 1,200, mbao 300, miwani 1,500, taa 650, kigoda 200, kitambaa kilichoharibika 700, mkeka 400. Jumla sh 8,500. Kati ya hizo sh 3,050 ni za makosa: mkanda, sponji, mbao na kitambaa. Anayenakili asinunue hivyo vinne.

Mwanafunzi ameniuliza kama kuna ushahidi zaidi ya bega langu. Upo. Mwaka wa 2008 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio la watu 579 wenye maumivu sugu ya mgongo. Baada ya mwaka mmoja waliopata huduma za kawaida tu walikuwa na maumivu siku 21 kati ya wiki nne. Waliopata masomo 24 ya njia ya Alexander, siku 3. Hao walikuwa na walimu waliofunzwa, na ulikuwa mgongo, si shingo. Nimemwambia hivyo pia.

Kisha nikamtazama yeye. Ana miaka 19, ameinamia vifungo, na bega lake la kulia limepanda. Amejifunza kushona kwa kunitazama mimi. Nilimshonesha kando yangu mwaka mzima na kila nilichofanya amekichukua, pamoja na hilo. Kesho tunampima macho na kumtafutia kigoda chake.

Machi 1: Gauni la kijani

Jana nilivaa gauni langu la kanisani, la kitenge cha kijani, nililojikatia miaka miwili iliyopita. Kioo kikanionyesha kitambaa kimejikusanya juu ya bega la kulia, kama ukingo mdogo karibu na mshono wa mkono. Nikavuta, kikarudi. Nikavua nikalitandaza mezani, bega juu ya bega.

La kulia limekatwa juu kuliko la kushoto kwa zaidi kidogo ya sentimita moja. Mkono wangu uliupima mwili wangu ukakata kwa kuufuata, na mimi sikujua.

Nimefumua mshono wa bega na juu ya mkono, nimeshusha sentimita moja upande wa nje, nimepiga chaki. Nilipofika kwenye kutunga uzi nilisita. Uzi uliingia mara ya pili. Nimebakisha kupiga pasi.